Licence si leseni: kutafsiri vyeti vya elimu vinavyovuka ziwa kuja Kigoma

Bahasha inayoletwa kwa mfasiri Kigoma mara nyingi imetoka Uvira au Kalemie, Kongo (DRC), kwa boti, au Bujumbura, Burundi, kwa njia ya mpaka wa Manyovu. Ndani yake mna cheti cha Kifaransa, karatasi ya alama na nakala ya kitambulisho. Mwenyewe anatafuta kazi ya ualimu, nafasi ya chuo, au usajili wa taaluma yake. Kazi inaonekana ndogo, maana cheti chenyewe ni ukurasa mmoja. Lakini neno moja likikosewa, mtu aliyemaliza sekondari anapandishwa hadi stashahada, au mwenye shahada anashushwa asistahili hata kuitwa kwenye usaili.

Kosa hilo huanzia kwenye sikio. Mfasiri anasikia Diplôme, anaandika stashahada. Anasikia Baccalauréat, anaandika shahada ya kwanza au kidato cha sita kulingana na alikosomea yeye. Jina la cheti halitoshi kukuambia kiko ngazi gani. Kabla hujaandika chochote, uliza mambo matatu: mtu huyu aliingia kwenye masomo hayo akiwa na cheti gani, alisoma miaka mingapi, na cheti hicho kinamruhusu kuendelea na nini. Majibu ya mawili ya kwanza kwa kawaida yamo kwenye karatasi ya alama, kwa hiyo usikubali kufanya kazi kwa cheti peke yake. Mwombe mteja alete karatasi za alama za miaka yote, na upige nakala pande zote mbili, kwani maelezo ya madaraja ya ufaulu mara nyingi huchapwa nyuma.

Ngazi za kwetu

Upande wa Tanzania ngazi zimepangika vizuri. Astashahada iko chini, juu yake stashahada, kisha shahada ya kwanza, shahada ya uzamili na shahada ya uzamivu. Katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, stashahada ni NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 6 na shahada ni ngazi ya 8. Stashahada ya uzamili ni kitu kingine kabisa: inasomwa na mtu ambaye tayari ana shahada, nayo haifikii shahada ya uzamili. Kuacha neno "uzamili" hapo ni kumnyang'anya mtu mwaka wake mzima.

Kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza mambo ni mepesi kidogo, ila neno moja linasumbua. Graduate peke yake ni mhitimu. Linapokaa mbele ya masomo, shule au programu, maana yake ni masomo ya uzamili na uzamivu. Ukiandika "programu ya wahitimu" msomaji atafikiri ni mafunzo ya kazi kwa waliomaliza chuo.

Mitego ya Kifaransa

Anza na Diplôme d'État ya Kongo. Hiki ni cheti cha kumaliza sekondari, kinachotolewa baada ya Examen d'État, mtihani wa taifa ulioanza mwaka 1967. Mwenye nacho huko anaitwa D6. Atakuambia kwa Kiswahili chake, "niko na diplome," naye anasema kweli, ila hiyo si stashahada. Andika "Cheti cha Taifa cha Kumaliza Sekondari".

Katika mfumo wa zamani wa Kongo, juu ya hapo kuna Graduat ya miaka 3, kisha Licence ya miaka 2 zaidi. Ndiyo maana Mkongomani atasema alifika G3 au L2: herufi ni ngazi, namba ni mwaka. Kwa hiyo Licence ya zamani ni miaka 5 ya chuo kikuu. Mfumo mpya unaofuata hatua tatu za Licence, Master na Doctorat umeifanya Licence kuwa miaka 3 tu. Neno ni lilelile, uzito si uleule. Mfasiri asiyeandika idadi ya miaka kando ya neno hili amewachanganya watu wawili tofauti kabisa.

Burundi nayo ina lake. Zamani mwanafunzi alisoma candidature miaka 2, kisha Licence. Candidature hapo si ugombea wa cheo chochote. Ni hatua ya kwanza ya chuo kikuu. Kisha ukaja mfumo wa BMD (Baccalauréat, Master, Doctorat), ambamo Baccalauréat ndiyo shahada ya kwanza. Wakati huohuo, nchini Ufaransa baccalauréat ni mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa hiyo ukiona neno hili, tazama kwanza nani ametoa cheti, chuo kikuu au wizara inayosimamia sekondari, kabla hujatazama kamusi.

Kwa wauguzi na mafundi utakutana na A1 na A2. Hapa watu wa kwetu huteleza sana, kwa kuwa masikio yetu yamezoea "A-level". Katika mfumo uliorithiwa kutoka Ubelgiji, muuguzi A2 amepata mafunzo ngazi ya sekondari, na A1 amesoma baada ya sekondari. Namba ndogo ndiyo ngazi ya juu.

Mengine matatu yanahitaji uangalifu. Docteur en médecine ni daktari wa tiba, yaani shahada ya kwanza ya udaktari. Ukiandika "shahada ya uzamivu ya tiba" umemfanya mtafiti. Ingénieur civil katika vyuo vya mfumo huo wa Kibelgiji si lazima awe mhandisi wa ujenzi: kuna ingénieur civil wa migodi na wa metali, kwa sababu neno civil linataja aina ya shahada ya uhandisi, si barabara na madaraja. Na Recteur ndiye anayeendesha chuo kikuu kila siku, kazi ambayo kwetu hufanywa na Makamu Mkuu wa Chuo. Ukimwita "Mkuu wa Chuo" umemweka kwenye kiti cha heshima asichokalia. Andika "Rekta", inatosha.

Kufanya kazi yenyewe

Kanuni ya kushika: jina la cheti libaki kwa lugha yake ya asili, likifuatiwa na tafsiri. Mfano, sentensi ya kawaida kwenye cheti cha Kongo ni hii: "a obtenu le grade de Licencié en Sciences économiques avec Distinction". Neno grade hapa si alama wala daraja la ufaulu; ni cheo cha kitaaluma anachotunukiwa mtu. Tafsiri yake: "ametunukiwa shahada ya Licence katika Sayansi ya Uchumi, kwa ufaulu wa Distinction". Chini ya ukurasa weka tanbihi ya mfasiri: "Licence: shahada ya chuo kikuu iliyopatikana baada ya Graduat, jumla miaka 5 kwa mujibu wa karatasi za alama zilizoambatishwa." Tanbihi hiyo ndiyo inayomwokoa mwenye cheti.

Ukikuta "a suivi avec fruit", hakuna matunda yoyote. Maana yake amesoma na kufaulu. "Deuxième session" ni mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wetu huuita sapu.

Alama usizigeuze. Andika 63% kama ilivyo, au 12,5/20 kama ilivyo, ukikumbuka kwamba mkato huo ni nukta ya desimali. Kongo, Satisfaction ni kuanzia 50%, Distinction kuanzia 70%, Grande distinction kuanzia 80%. Vyuo vikuu vyetu hupima kwa GPA, yaani wastani wa alama, hadi 5.0, daraja la kwanza likianzia 4.4. Anayejaribu kugeuza 70% kuwa GPA kwa kikokotoo anamdhulumu mtu, kwa sababu huko 70% hupatikana kwa shida sana. Kulinganisha si kazi ya mfasiri: vyeti vya sekondari hulinganishwa na NECTA (Baraza la Mitihani), vya ufundi na stashahada na NACTVET, vya shahada na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Mwambie mteja hivyo mapema, asije akadhani karatasi yako imemaliza kila kitu.

Majina ndiyo yanayorudisha maombi kuliko kitu kingine. Mkongomani ana nom (jina), postnom (jina linalofuata) na prénom (jina kama la ubatizo). Sisi tumezoea jina langu, la baba, la babu, kwa hiyo tunapanga upya bila kujua. Postnom si jina la baba. Ni jina la mwenye cheti mwenyewe. Acha mfuatano ulivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, hata kama kitambulisho kinaandika vingine, na uweke tanbihi kuhusu tofauti hiyo.

Tarehe zilizoandikwa kwa mkono zisome mara mbili. Mtu aliyefundishwa kuandika Kifaransa huipa 1 mkia mrefu juu hadi ifanane na 7 yetu, na 7 yake huikata katikati. Mwaka wa kuzaliwa 1991 umewahi kugeuka 1997 kwa njia hiyo, na mtu akaonekana amehitimu chuo akiwa mtoto. Ukikuta namba yenye shaka, ilinganishe na namba nyingine za mkono uleule kwenye karatasi hiyohiyo.

Mihuri na saini hazitafsiriwi kwa kuchorwa. Andika kwenye mabano ya mraba: [muhuri wa mviringo, rangi ya bluu: jina la chuo], [saini haisomeki]. Sehemu iliyofutika iandikwe [haisomeki], kamwe usikisie.

Kwa kazi ya kwenda upande wa pili, yaani vyeti vyetu kwenda Kifaransa, stashahada yetu usiiache ikawa diplôme tupu, kwani Bujumbura itasomeka kama cheti cha sekondari. Bakiza "Stashahada", ongeza idadi ya miaka na cheti alichoingilia, kidato cha nne au cha sita. Shahada ya miaka 3 nayo iandikwe miaka yake waziwazi, la sivyo msomaji wa mfumo wa zamani wa Kongo ataipachika kwenye Graduat.