Somo: Kutoka leseni ya nyumbani hadi wodi ya Australia, hatua kwa hatua

Wiki haipiti bila ujumbe wa muuguzi kutoka nyumbani: "Dada, kuna wakala anataka milioni nne anipeleke Australia. Nilipe?" Usilipe. Soma kwanza hapa, kisha uamue na mwenza wako mkiwa mmetulia.

Mimi nilisoma stashahada ya uuguzi na ukunga Tanga, nikakaa wodi ya wazazi miaka minne, nikarudi chuo kuchukua shahada. Leo niko wodi ya magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya serikali, jimbo la Queensland. Nimeona wenzangu wakiuza kiwanja kabla ya kujua kama cheti chao kinatambuliwa. Kwa hiyo somo hili lina mpangilio, na naomba usiuruke.

Hatua ya kwanza: jua cheti chako kinaingia mlango gani

Hapa ndipo wengi wanapoumia, nitakaa kidogo.

Australia ina ngazi mbili kuu za uuguzi. Muuguzi msajiliwa ana shahada. Muuguzi mwandikishwa ana stashahada fupi na hufanya kazi chini ya usimamizi wa msajiliwa. Chini yao kuna wahudumu wasaidizi, ambao hawamo kwenye rejista ya wauguzi kabisa. Zamani wauguzi wa huku walifundishwa hospitalini kama tulivyofundishwa wengi wetu, lakini mwaka 1984 serikali yao iliamua mafunzo yahamie vyuo vikuu, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kazi hiyo ilikwisha. Ndiyo maana stashahada yako ya miaka mitatu, hata ukiwa umezalisha akina mama mia tano, hawaihesabu sawa na shahada. Inauma. Niliumia pia, kwa sababu najua mikono yangu ilikuwa inaweza nini wakati huo.

Usajili wote unasimamiwa na AHPRA, shirika la taifa linalosajili watu wa afya, pamoja na Bodi ya Uuguzi na Ukunga ya Australia. Kwenye tovuti ya AHPRA kuna zoezi la kujipima, bure, unajibu maswali kuhusu masomo yako. Tangu mwaka 2020 majibu yanakuweka katika kundi moja kati ya matatu. Kundi A, sifa zako zinalingana na zao. Kundi B, zinakaribiana, kwa hiyo utafanya mitihani. Kundi C, hazitoshi, rudi shule kwanza. Wenye shahada za kwetu ninaowafahamu waliangukia B. Fanya zoezi hili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Jambo jingine linalowashangaza watu wetu: kwetu mafunzo yaleyale yanakutoa ukiwa muuguzi na mkunga. Huku ni rejista mbili na maombi mawili. Unaweza kukubaliwa kama muuguzi na usiruhusiwe kuzalisha.

Kuna njia ya mkato iliyofunguliwa mwaka 2025. Ukiwa umesajiliwa Uingereza, Ireland, Marekani, Singapore, Hispania, au majimbo ya British Columbia na Ontario kule Canada, na una angalau saa 1,800 za kazi huko tangu mwaka 2017, unaweza kusajiliwa bila kufanya mitihani ya kundi B. Ndugu zetu Wakenya walioko hospitali za Uingereza, hii ni yenu. Angalieni masharti yake kabla hamjaanza kusoma upya.

Hatua ya pili: Kiingereza

Utafanya mtihani wa Kiingereza. IELTS ya kitaaluma, wastani wa 7, na 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea. Kuandika kulishushwa hadi 6.5 mwaka 2025, na hilo limewaokoa wengi. Ushauri wangu kwa muuguzi wa wodini ni OET, mtihani wa Kiingereza uliotungwa kwa watu wa afya. Sehemu yake ya kuandika inakupa maelezo ya mgonjwa na kukutaka uandike barua ya rufaa au ya kumruhusu nyumbani. Ni kazi unayoifanya kila siku. Insha ya IELTS kuhusu usafiri wa mijini ilinishinda mara mbili.

Hatua ya tatu: mitihani miwili

Wa kwanza ni NCLEX-RN, uleule wa Marekani, kwenye kompyuta. Maswali ni kati ya 85 na 150, mashine yenyewe inaamua isimame wapi kulingana na unavyojibu. Hawakuulizi dalili za homa ya matumbo. Wanakupa wagonjwa wanne na kukuuliza uanze na nani. Usisome kwa kukariri.

Wa pili ni OSCE, wa vitendo, na unafanyika Australia kwenyewe; mimi niliufanyia Adelaide. Lazima usafiri. Nilipofanya, ada pekee ilikuwa dola 4,000 za Australia, nauli na malazi mbali. Kuna vituo kumi na wagonjwa wa kuigiza. Wenzetu wengi wanajua kuchoma sindano vizuri kuliko hata wasahihishaji, halafu wanaanguka kwa sababu wamesahau kunawa mikono, kumwuliza mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kulinganisha na utepe wa mkononi, kuuliza kuhusu mzio. Miezi mitatu kabla ya mtihani nilimlaza mdogo wangu kwenye mkeka kila jioni, nimemfunga utepe wa karatasi mkononi, namwuliza jina lake. Alichoka. Nilifaulu.

Hatua ya nne: viza na mwajiri

Kwa viza nyingi za ujuzi utahitaji tathmini ya ANMAC, shirika linalopima sifa za wauguzi na wakunga wanaotaka kuhamia Australia. Viza 482 ni ya mwajiri anayekudhamini, 186 ni ya ukaazi wa kudumu kupitia mwajiri, 190 na 491 zinatumia alama na mwaliko wa jimbo, na hizo mbili hazikuchukui ukishafika miaka 45. Shika hili moja: tangu mwishoni mwa 2015 ni kosa kisheria Australia kuuza au kununua udhamini wa viza. Mtu akikuambia "lipa upate mdhamini", amekuonyesha mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Ukishafika: kazi yenyewe

Wiki ya kazi ni saa 38. Kwa kima cha chini cha taifa cha wauguzi, Jumamosi inalipwa mara moja na nusu, Jumapili mara moja na robo tatu. Likizo ni wiki tano, sita kwa anayezunguka zamu. Mwajiri anaweka asilimia 12 juu ya mshahara kwenye mfuko wako wa uzeeni. Na Queensland kuna sheria ya mwaka 2016: kwenye wodi zinazohusika, muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne asubuhi na mchana, saba usiku. Mimi niliyewahi kukesha peke yangu na vitanda thelathini na mbili, siku ya kwanza nilimwuliza incharji, muuguzi kiongozi wa wodi, "Na wengine wangu wako wapi?"

Lakini wagonjwa wanne hawamaanishi kazi nyepesi. Unamwogesha, unampa dawa, unabadilisha kidonda, unaongea na familia, unaandika kila kitu. Na unawajibika kwa maamuzi yako. Mwezi wangu wa pili nilikuwa na mzee mmoja, pumzi zake zimepanda hadi 26 kwa dakika. Chati ya huku ina rangi, na kila rangi ina alama. Ukijumlisha, inakuambia umwite nani na ndani ya dakika ngapi. Nilijumlisha, nikaona, nikasubiri. Daktari alikuwa kitanda cha pili anaongea, na nilivyolelewa mimi, daktari hakatizwi. Incharji alipita, akaitazama chati, akamwita daktari kwa jina lake la kwanza kutoka mlangoni. Mzee alikuwa na damu iliyoganda mapafuni. Alipona. Baadaye incharji aliniambia kwa upole kwamba heshima yangu kwa daktari ingemgharimu yule mzee. Sijasubiri tena.

Hapa Queensland hata familia ina haki ya kupiga simu kuomba mgonjwa wao aangaliwe upya, utaratibu uitwao Ryan's Rule, kwa kumbukumbu ya mtoto Ryan Saunders aliyefariki mwaka 2007 wakati wazazi wake wakisema hali yake inazidi kuwa mbaya. Ndugu wa mgonjwa akikutajia, usimchukulie kama mkorofi.

Mbele ya wodi kuna njia nyingi. Unaweza kubobea ICU, figo au afya ya akili, kufundisha, kuongoza wodi. Ngazi ya juu ya kliniki ni yule muuguzi bingwa anayeandika dawa na kuagiza vipimo mwenyewe: shahada ya uzamili na saa 5,000 za kazi ya kiwango cha juu. Tangu Septemba 2025 hata muuguzi msajiliwa wa kawaida mwenye mafunzo ya ziada anaweza kuidhinishwa kuandika dawa kwa kushirikiana na mwandikaji mwingine. Njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ya maeneo ya mbali, zahanati za jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ambako daktari yuko kwenye simu na mgonjwa mahututi anasubiri ndege ya Royal Flying Doctor, huduma iliyoanzia Cloncurry mwaka 1928. Aliyewahi kuendesha zahanati ya kijijini kwetu anaijua kazi ile. Nenda ukiwa tayari kusikiliza, jamii zile zimeumizwa sana na wageni waliojua kila kitu.

Maswali ya wanachama

Mama Zawadi, Dodoma: Shikamoo dada. Nina stashahada, miaka 41, watoto watatu. Nimechelewa?

Marahaba mdogo wangu. Hesabu na ile 45. Shahada ya kuendeleza hapo nyumbani, ukiisoma huku unafanya kazi, itakugharimu kidogo kuliko ada ya chuo cha huku. Ukija kama mwanafunzi utaruhusiwa saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati wa masomo, hazitoshi ada na watoto watatu. Viza ya mwajiri nayo ina mahesabu yake ya umri, 482 haina kikomo kile cha 45. Jipime kwanza AHPRA, leo usiku, halafu uniandikie umepata kundi gani.

Kaka wa Likoni, yuko Muscat: Nina shahada na miaka sita hospitali ya Oman. Saa zangu zinaingia kwenye njia ya mkato?

Hapana kaka, Oman haimo kwenye orodha. Lakini hazipotei: bodi inataka angalau saa 450 za kazi ndani ya miaka mitano, na hizo unazo tele. Omba barua ya mwajiri inayotaja saa na wodi kabla hujaondoka Muscat. Kuifuatilia ukishaondoka ni mateso.

Neema wa Arusha: Wanasema nyumba za wazee ni kushuka. Ni kweli?

Nilianzia huko mimi. Tangu Julai 2023 nyumba za wazee zinazofadhiliwa na serikali zinatakiwa kuwa na muuguzi msajiliwa saa 24, kwa hiyo usiku unaweza kuwa peke yako na wazee sitini: insulini, kuanguka, mtu anayekata roho saa tisa na binti yake yuko Perth anakuuliza kwenye simu kama apande ndege. Anayeita hiyo kushuka hajawahi kuifanya. Ila usikae mpaka mikono isahau dripu, kama unataka wodi.

Otieno, Kisumu: Ubaguzi uko? Sema ukweli.

Uko ndugu yangu. Mgonjwa aliniambia usiguse chakula changu. Nilitoka nje nikalia kwenye stoo ya mashuka. Incharji aliingia chumbani kwake, akamwambia huyu ndiye muuguzi wake leo na hatapewa mwingine. Si kila incharji atafanya hivyo. Andika tukio siku hiyohiyo kwenye mfumo, na jiunge na chama cha wauguzi wiki ya kwanza, kabla hujakihitaji.

Mama Zawadi, Dodoma: Dada nimejipima. Imetoka C.

Nilijua itakuwa hivyo, pole. Kesho piga simu chuoni uulize muhula wa shahada unaanza lini na wanatambua sehemu gani ya stashahada yako. Na kama nawe una wakala wa milioni nne, mwambie hapana.