Kumimina vichwa vizito vya .44 Magnum: pima silinda kabla ya kuyeyusha

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi Sahare, Tanga, na chubwi zake alizimimina mwenyewe. Kabla hajagusa moto alikaanga mchanga juu ya bati mpaka ukauke kabisa, ndipo afukie umbo la chubwi na kumwaga madini. Sikuelewa kwa nini mchanga ukaangwe, mpaka nilipohamia Idaho, Marekani, na kuanza kumimina vichwa vya rivolva yangu ya .44 Magnum, aina ya risasi nene yenye nguvu. Kwa Kiswahili madini ni risasi na kinachotoka mtutuni pia ni risasi, kwa hiyo humu nitasema "madini" na "kichwa" tusichanganyane; "risasi" ni ile nzima, yenye ganda, baruti na kichwa.

Nawaandikia wenzangu tunaoishi Marekani, kwenye majimbo ambako kujitengenezea risasi kwa matumizi yako ni halali. Nyumbani Tanzania au Kenya usijaribu. Huko bila leseni ni kosa la jinai.

Idaho ndiko alikoishi Elmer Keith, mfugaji wa mji wa Salmon aliyepiga debe miaka mingi mpaka .44 Magnum ikatoka mwaka 1955. Kichwa alichokibuni, cha pua bapa na uzito wa greni 250 hivi (gramu 16), bado kinamiminwa hadi leo. Mimi natumia hicho, na kingine cha greni 300 ninapokwenda milimani kwenye elk (paa wakubwa wa huku) na dubu.

Wengi huanza kwa kuuliza madini yawe magumu kiasi gani. Swali la kwanza ni kipenyo. Kichwa chembamba kuliko mdomo wa tundu la silinda, lile gurudumu la rivolva linalobeba risasi, huvujisha gesi ya moto pembeni. Gesi hiyo huyeyusha ubavu wa kichwa na kuupaka mtutuni. Utasugua madini jioni nzima, na shabaha haitakuwepo. Nimeona watu wakikimbilia madini magumu zaidi kutibu hilo, na hali ikazidi, maana kichwa kigumu sana hakitanuki kuziba pengo.

Kwa hiyo pima. Hakikisha silaha haina kitu, fungua silinda, ichomoe. Chukua kipande cha madini laini, kipake mafuta, ukisukume kwa kijiti cha mbao kipite mdomo wa kila tundu. Fanya hivyo hivyo kwa mtutu. Pima vipande kwa maikromita. Kalipa ya bei rahisi itakudanganya. Mtutu wangu ni inchi 0.429, na matundu yote sita ni 0.431. Basi vichwa vyangu navifikisha 0.431. Kanuni ninayoifuata: kichwa kilingane na tundu, na tundu lisiwe jembamba kuliko mtutu. Likiwa jembamba, peleka kwa fundi wa bunduki alipanue. Hakuna mchanganyiko wa madini utakaokuokoa.

Madini nayapata kwa mafundi wa tairi: vile vizito vya kubalansi magurudumu. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, na zinki ikiingia chunguni inaharibu kila kitu, vichwa vinatoka na makunyanzi na kona za mviringo. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki 419. Weka kipimajoto, kaa chini ya 370 wakati wa kuyeyusha vizito hivyo, na vya zinki vitaelea uvitoe kwa kijiko. Kisha naongeza bati kidogo (metali ya "tin", si bati la kuezekea), kama asilimia 2, ili madini yajaze kona za kalibu. Natupia kipande cha nta ya nyuki, nakoroga, naondoa taka juu.

Hapa ndipo mchanga wa baba unapoingia. Tone moja la maji likizama chini ya madini ya moto hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chungu chote usoni pako. Usimimine mvua ikinyesha, usiweke kinywaji mezani, usitumbukize kijiko chenye unyevu. Vaa miwani, glavu za ngozi, mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu. Mimina nje, penye upepo. Watoto wasikaribie, wala wasiguse ile taka uliyoiondoa. Ukimaliza nawa kwa sabuni kabla hujashika chakula, na nguo zifuliwe peke yake. Mimi hupima damu kila mwaka kuona kiwango cha madini ya risasi mwilini, na nakuomba nawe upime.

Kalibu ipashwe moto kwanza kwenye ukingo wa chungu. Vichwa vya mwanzo vitakuwa na mikunjo, virudishe. Vikianza kuwa na ukungu mweupe kalibu imezidi moto, lakini hivyo vinapigika vizuri tu. Subiri mkia wa juu upoteze mng'ao ndipo uukate, na angushia vichwa kwenye taulo kavu iliyokunjwa. Kesho yake vipime kimoja kimoja. Kilicho chepesi kuliko wenzake kina tundu la hewa ndani.

Kuhusu baruti sitakupa kipimo hata kimoja. Fungua kitabu cha watengenezaji, tafuta kichwa cha uzito ule ule, anza chini. Kichwa cha greni 300 hula nafasi ndani ya ganda na shinikizo hupanda, hivyo kipimo cha kichwa cha greni 240 hakikifai. Nayo baruti ya polepole kama H110 haipunguzwi chini ya kilichoandikwa. Kabla ya kuweka kichwa, mulika tochi ndani ya kila ganda uone baruti iko sawa kote.

Mdomo wa ganda upanue kidogo, la sivyo utakwangua ubavu wa kichwa na kazi yote ya maikromita imepotea. Zamisha kichwa mpaka kwenye mfereji wa kukunjia uliozunguka ubavu wake, kisha kunja mdomo wa ganda uingie humo kwa hatua ya pekee, na ukunje kwa nguvu. Mwaka wangu wa pili nililegeza mkunjo. Risasi ya nne ilipolia, teke la rivolva likakichomoa kichwa cha tano, pua ikajitokeza mbele ya silinda, silinda ikagoma kuzunguka. Nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha. Ingekuwa mbele ya dubu nisingekuwa naandika haya.

Tangu hapo kila mkupuo mpya naujaribu hivi: napima urefu wa risasi ya sita, napiga tano, naitoa ile ya sita naipima tena. Urefu ukibaki ule ule, naandika kwenye boksi tarehe, madini, kipenyo na mkunjo. Ukiongezeka, boksi lote narudi nalo mezani.