Wenyeji kwanza, wageni baadaye: kutazama ndege wa vuli Nairobi

Neno "vuli" lina maana mbili, na zote zinamhusu mtazama ndege wa Nairobi. Kwetu ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kwenye vitabu vya shule ni msimu wa Ulaya wa majani kupukutika. Misimu hiyo miwili imeshikana: wadudu wakiadimika kule kwa baridi, ndege wanaowala hushika njia ya kusini, na wakifika huku wanakuta mvua imeshaamsha wadudu wetu.

Kwa hiyo kati ya Septemba na Desemba, mti uleule unaoupita ukikimbilia matatu unaweza kuwa na kidege cha gramu tisa kilichoanguliwa Urusi mwaka huuhuu. Kumwona hakuhitaji gari wala safari ya Naivasha. Kunahitaji utaratibu, na huu ndio wangu.

Hatua ya kwanza: Chagua mahali pamoja, uparudie

Anayeanza hutaka kuzunguka kote: Jumamosi hii Karura, ijayo City Park, inayofuata msitu wa Ngong Road. Anamaliza msimu akiwa na picha nyingi na hajui ndege hata watano. Pajue mahali pamoja vizuri, mpaka kitu kigeni kikitokea kikushtue chenyewe.

Mimi wanaoanza huwatuma Arboretum, pale State House Road. Ni hekta kama 30 hivi, unaizunguka asubuhi moja bila kuchoka. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, maana magarimoshi ya wakati huo yalikula kuni. Ndiyo sababu leo utakuta miti ya mabara mbalimbali ndani ya uzio mmoja, na mto Kirichwa Kubwa ukipita hapohapo. Onyo moja tu: imepakana na Ikulu. Darubini yako isielekee upande ule hata kama tai ametua ukutani. Mwache tai wa watu.

Karura ni hekta zaidi ya 1,000 na ni msitu hasa. Nenda ukishazoea, kwa sababu kwenye majani mazito utasikia ndege thelathini uwaone watatu. (Nikiingia pale humkumbuka Wangari Maathai, aliyeshambuliwa Januari 1999 alipokwenda kupanda mti kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Asingekuwa mbishi, leo tungekuwa tunahesabu maghorofa.) City Park, Parklands, inafaa, ila kima wa pale wananusa ndizi kwenye mkoba kabla hujaufungua. Na kama unafanya kazi katikati ya jiji, kuna Michuki Park kando ya Mto Nairobi, karibu na Globe. Mapumziko ya mchana yanatosha kumtafuta fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, akichokora matope.

Malangoni siku hizi hulipwa kwa simu. Hakikisha ina chaji na pesa kabla ya kutoka.

Hatua ya pili: Rekebisha darubini kabla ya kulaumu macho

Mwezi wangu wa kwanza niliona kila ndege kwa ukungu na nikirudi nyumbani kichwa kinagonga. Darubini nilikuwa nimeazima kwa binamu yangu, naye aliirekebisha kwa macho yake. Hakuna aliyeniambia kwamba kila mtu huipanga upya.

Fanya hivi. Ikunje katikati mpaka zile duara mbili ziwe moja. Simama hatua kama ishirini kutoka kwenye kibao chenye maandishi. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zisimame wazi. Sasa fungua la kulia, ufunge la kushoto. Gurudumu la katikati usiliguse. Zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye upande wa jicho la kulia, mpaka herufi zilezile zisimame wazi tena. Tia alama hapo kwa kalamu. Tangu leo utatumia gurudumu la katikati peke yake. Ukivaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira vya machoni.

Ukinunua yako, tafuta iliyoandikwa 8x42: inakuza mara nane, na kioo cha mbele kina milimita 42. Usidanganywe na zinazojisifu kukuza mara ishirini. Mkono ukitetemeka kidogo, ndege naye anacheza dansi.

Na namna ya kumlenga: ukimwona ndege, usishushe macho kutafuta darubini. Mkazie macho, uinue darubini iingie katikati yenu. Jizoeze kwa kunguru. Hawana haraka wala haya.

Hatua ya tatu: Wajue wenyeji tisa

Hapa ndipo wengi hurukia mbele, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Mgeni humtambui kwa sura yake. Unamtambua kwa kuwa hafanani na wenyeji. Kama wenyeji huwajui, kila ndege ni mgeni kwako.

Anza na wale ambao tayari unawafahamu bila kujua. Anayekuamsha alfajiri kwa kelele akipita juu ya paa ni kwarara hijani. Mwenye mkia uliogawanyika, anayenyakua kipande cha kuku mkononi mwa mtoto, ni mwewe. Kunguru wetu wana kifua cheupe. Wale wazee wenye upara waliosimama juu ya miti ya Mombasa Road karibu na uwanja wa Nyayo ni marabu, aina ya korongo. Kuzumburu ni wale wa kahawia wenye mkia mrefu, wanaotambaa vichakani kama panya. Chozi hunyonya maua. Kwera husuka viota. Njiwa unao.

Aliyebaki ni shorobo, na yeye mpe asubuhi nzima. Utasikia kwanza mkoromo mzito, kama mtu anayesafisha koo juu ya mti. Usimkimbilie. Simama chini, tazama matawi makubwa, utaona kitu kijani kikikimbia juu ya tawi kwa miguu, kama kindi. Ana kishungi cheusi chenye kung'aa bluu, na doa jeupe mbele ya jicho. Amekaa hivyo wote kijani, unadhani umemmaliza. Halafu anaruka kwenda mti wa pili, anafunua mabawa, na ndani ni mekundu kama damu. Rangi ile ina shaba ndani yake, na hupatikana kwa jamii ya shorobo peke yao. Nimemwonyesha dereva wa bodaboda aliyekuja na abiria tu, akazima pikipiki akakaa nasi saa nzima.

Hatua ya nne: Sasa tafuta asiyefanana

Nenda na wenyeji wako kichwani, uwalinganishe wawiliwawili.

Kwenye nyasi na viwanja vya mpira, mwenyeji anayetikisa mkia ni mweusi na mweupe. Ukiona anayetikisa mkia vilevile lakini tumbo ni la njano, huyo ametoka mbali.

Kando ya maji, kidege cha kahawia chenye tumbo jeupe, kinachobonyeza makalio juu chini bila kupumzika kama aliyewekewa springi, ni kitwitwi wa Ulaya. Huyu hachelewi, Agosti tayari yupo.

Mbayuwayu wanachanganya. Tunao wetu, wenye kichwa cha rangi ya kutu na michirizi kifuani. Mgeni ana koo la kahawia jekundu, mkanda mweusi chini yake, na kifua hakina michirizi. Kitabu kitakuonyesha mkia mrefu wenye nyuzi mbili. Usiutegemee, kwani wengi wanapokuwa huku wanabadilisha manyoya na mkia unakuwa mfupi.

Mgumu kuliko wote ni yule wa gramu tisa. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Ana mgongo wa kijani kilichofifia, tumbo la njano hafifu, na mstari mweupe-njano juu ya jicho. Hatulii. Utamchanganya na vile videge vyetu vya njano vyenye pete nyeupe kuzunguka jicho, lakini hivyo hutembea kwa makundi na kupiga soga. Mgeni mara nyingi yuko peke yake kileleni mwa mgunga, akisema neno moja laini linalopanda: "huu-it". Mimi nilimwandika vibaya msimu mzima mpaka niliposikia sauti hiyo.

Simu inaweza kusaidia. Programu ya Merlin husikiliza na kupendekeza jina. Ichukulie kama shahidi mmoja, kisha umtafute ndege kwa macho. Ila usicheze sauti ya ndege kwa spika ili ajitokeze. Amesafiri maelfu ya kilomita, usimpotezee nguvu.

Hatua ya tano: Ijue saa, na uangalie juu

Fika lango likifunguliwa. Kati ya saa kumi na mbili unusu na saa tatu asubuhi, ndege wanakula na kuimba. Chagua mti wenye maua au matunda, kaa chini dakika ishirini. Kukaa kunashinda kutembea.

Saa nne jua likishika, watu hufunga mikoba. Wewe inua kichwa. Hewa ya moto hupanda, na ndege wakubwa hupanda nayo wakizunguka bila kupiga bawa. Mwewe utamjua kwa mkia uliogawanyika. Mwenye mkia wa duara, akiwa na wenzake kumi wanaelekea kusini, ni shakivale wa kutoka Urusi na nchi jirani. Keremkerem wa Ulaya, wale wala nyuki, nao hupita juu sana. Utawasikia wakilia "pruu, pruu" kabla ya kuona nukta.

Asubuhi bora kuliko zote ni ile ya baada ya mvua ya kwanza kubwa, kumbikumbi wakitoka ardhini. Siku hiyo omba ruhusa kazini ukiweza. Mbayuwayu, keremkerem, mwewe, hata marabu hukusanyika shimo moja kama watu kwenye harusi.

Wageni wengi husafiri usiku. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu mnamo Novemba na Desemba taa za hoteli huwavuta chini, na tangu 1969 watafiti huwavisha pete miguuni na kuwaachilia.

Hatua ya sita: Andika palepale

Daftari dogo, kalamu ya risasi kwa sababu ya mvua. Tarehe, saa, mti gani, alikuwa anafanya nini. Jina liandike mwisho. Ukiandika jina kwanza, macho yataona unachotaka. Baadaye peleka orodha yako kwenye Kenya Bird Map au eBird, mifumo ya mtandaoni ya kukusanya kumbukumbu za ndege, maana tarehe ya mgeni wa kwanza kufika bustanini kwako ni habari ambayo huenda hakuna mwingine aliye nayo.

Ukikwama, nenda Makumbusho ya Nairobi Jumatano asubuhi. Matembezi ya ndege ya chama cha Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, huanzia hapo saa tatu kasorobo, na wanaoanza wanakaribishwa. Nenda hata na darubini ya kuazima, mradi umeshaipanga kwa macho yako.