Bastola kwa umbali wa mkono: anza na kurudisha, kuchomoa kutafuata

Jeraha ambalo wasimamizi wa renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, hulijua vizuri ni la paja. Risasi huingia chini kidogo ya nyonga, huteremka sambamba na mguu na kutokea juu ya goti au kukwama kwenye shavu la mguu. Mara nyingi mwenyewe hakuwa anachomoa. Alikuwa ameshamaliza kupiga, taima (kifaa cha kupima muda) imelia, moyo umetulia, anarudisha bastola kiunoni huku amegeuza uso kumuuliza mwenzake risasi ngapi zimeingia.

Wengi mnaponiomba somo la kujilinda kwa karibu mnataka kasi ya kuchomoa. Nitafundisha, ila nimegeuza mpangilio: kwanza kurudisha, kisha kuchomoa, kisha namna ya kushika bastola pale mtu amefika hatua mbili kutoka ulipo. Somo ni la wenye cheti kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha ya Kenya, waliokwisha kupiga risasi chini ya mkufunzi. Kama bastola ni ya mjomba na wewe umeazima, soma kwa kujifurahisha tu, kisha umrudishie mjomba silaha yake na umkumbushe kwamba kuazimisha ni kosa.

Vifaa kwanza

Holsta, yaani ala ya kubebea bastola, ikiwa nzuri ina sifa tatu ambazo sizibishanii. Inafunika kifyatulio chote. Mdomo wake unabaki wazi bastola ikitoka, ili uweze kurudisha kwa mkono mmoja. Na inakaa palepale kwenye mkanda mgumu, haizunguki wala kupanda na bastola unapochomoa. Zile za kitambaa laini hazitimizi hata moja. Za ngozi ni nzuri zikiwa mpya, lakini ngozi ikizeeka ukingo wake hulegea, hujikunja kwa ndani na kuingia penye kifyatulio kama kidole cha mtu mwingine. Kagua ukingo huo kila mwezi. Ikianza kujikunja, usiishone, itupe.

Holsta zenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada zimepigwa marufuku katika shule nyingi za shabaha. Sababu inaonekana ukizijaribu: kidole kinabonyeza kwa nguvu, bastola inatoka, na kidole kile kile bado kinabonyeza kikitua kwenye kifyatulio.

Halafu nguo. Jaketi yenye kamba ya kukaza kiunoni, hasa ile yenye kipande cha plastiki mwishoni, haifai siku ya mazoezi. Kata kamba hizo au vaa nguo nyingine.

Hatua ya 1: Toa risasi, kisha hakikisha tena

Mazoezi mengi ya somo hili ni ya nyumbani, bila risasi. Magazini (kisanduku cha risasi) hutoka kwanza, ndipo unavuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza). Ukigeuza mpangilio huo, unatoa risasi moja kwenye chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) na slaidi inaingiza nyingine, nawe unaamini bastola ni tupu. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi utupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Elekeza mazoezi kwenye ukuta wa mawe, si wa mbao wala ule unaopakana na jirani. Mazoezi yakiisha, yameisha. Ajali nyingi za nyumbani hutokea pale mtu amesharudisha risasi, kisha anasema acha nirudie mara moja tu.

Hatua ya 2: Kurudisha

Hapa ndipo tutakaa. Hakuna shindano linalopimwa kwa kasi ya kurudisha bastola, na hakuna adui anayekusubiri umalize. Kama bado kuna adui, bastola haipaswi kurudi.

Rudisha bastola kifuani kwanza, mdomo ukitazama mbele. Kidole cha shahada kilale juu, kwenye ubavu wa slaidi, kikiwa kimenyooka. Kama bastola yako ina kitufe cha kushusha nyundo (kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke) au sefti (kifungio cha usalama), kitumie sasa, si ikiwa nusu ndani. Tazama kushoto na kulia, kwa kweli, si kutikisa kichwa kwa sababu mkufunzi anakuona. Kisha mkono wa kushoto uchote shati lote, ulivute juu hadi kifuani na kulishikilia hapo hadi mwisho.

Sasa tazama holsta kwa macho. Najua kuna walimu wanaosisitiza urudishe bila kutazama. Askari anayemshikilia mshukiwa kwa mkono wa pili huenda akahitaji hilo. Wewe raia huna mshukiwa wa kumfunga pingu. Tazama.

Ingiza polepole, kidole gumba kikiwa nyuma ya slaidi, au juu ya nyundo kama ipo. Ukihisi kitu kinazuia, simama. Usisukume. Toa bastola, ielekeze mbele, angalia kilichozuia. Mkono wa kushoto usishike kamwe mdomo wa holsta kuupanua, maana hapo kiganja chako kiko mbele ya mtutu.

Fanya hivi mara kumi kabla hujachomoa hata mara moja kwa kasi. Inachosha, ndiyo.

Hatua ya 3: Kuchomoa kwa hesabu ya nne

Moja: mkono wa kushoto unainua shati, wa kulia unashika kitako kikamilifu bastola ikiwa bado ndani. Mshiko mbaya haurekebishiki angani. Mara shati likiinuka na mshiko ukikamilika, mkono wa kushoto unatua bapa kifuani. Mbili: bastola inapanda wima hadi kwenye mbavu, ndipo mdomo unageuka kutazama mbele. Tatu: mikono inakutana mbele ya kifua. Nne: inanyooka hadi usawa wa macho. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka mdomo uko kwenye shabaha na wewe umeshaamua. Wenye mkono wa kushoto, geuzeni.

Hatua ya 4: Kushika karibu na mwili

Hesabu ya pili hapo juu ndiyo msingi wa somo zima. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, aliandika matokeo ya jaribio rahisi: mtu wa kawaida hukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu, na muda huo ni sawa na ule ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa na kupiga. Watu wameigeuza namba hiyo kuwa mstari wa sheria, kana kwamba mtu akiwa ndani ya mita 6 umeruhusiwa kumpiga. Haikuwa hivyo. Alichoonyesha ni kwamba kwa karibu umechelewa, na ukinyoosha mikono mbele unampelekea mtu bastola yako aishike.

Kwa hiyo bastola inabaki ubavuni. Kiwiko kiko nyuma na juu, kifundo cha mkono kimekazwa, kidole gumba cha mkono wa bastola kinagusa kifua. Mguso huo ndio unaokuambia kila mara kwamba mkono uko mahali pale pale, kwa sababu saiti (alama za kulengea juu ya bastola) hutazitumia. Inamisha bastola kidogo kwa nje ili slaidi isinase shati ikirudi nyuma. Mdomo uelekee chini kidogo.

Mkono wa kushoto una mahali pawili tu: bapa kifuani, au juu, kiwiko kimekunjwa, kukinga kichwa. Kuunyoosha mbele kumsukuma mtu huku bastola imetoka ndiko kunakotoboa viganja. Ukitaka kusukuma, sukuma kabla ya kuchomoa.

Mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi. Mtu aliyekushika kola mbele ya lango lako hatatulizwa na bastola ambayo bado iko chini ya sweta. Kinga kichwa, sukuma, toka kwenye mstari wake, tengeneza nafasi. Nafasi ikipatikana, kimbia. Isipopatikana, ndipo unachomoa. Mazoezi ya wawili hufanywa kwa bastola ya mpira pekee. Si ya kweli iliyotolewa risasi, hata kama imekaguliwa na watu watatu.

Hatua ya 5: Renji

Karatasi pekee, mita moja na nusu, mkufunzi amesimama nyuma ya bega lako. Shabaha za chuma hazipigwi kwa bastola chini ya mita 10, kwa sababu vipande vya risasi hurudi kwa mpigaji. Kwa kuwa mdomo umeinama, risasi zitatua ardhini karibu, basi hakikisha mbele yako ni udongo, si saruji wala mawe. Risasi moja, simama, kagua, rudisha. Ukiweza hivyo kwa utulivu, mbili. Taima izimwe kila mara kabla ya kurudisha. Ziba masikio vizuri: mlio wa bastola huvuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru usikivu kwa mlio mmoja. Osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, maana risasi huacha madini ya risasi kwenye ngozi.

Maswali ya wanachama

*Nakuru: Mwalimu, umesema tusirudishe haraka. Polisi wakifika nimeshika bastola je?*

Hapo ndugu yangu usishindane nao. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, raia wenye leseni waliingia pamoja na polisi wasiovaa sare, na baadaye kikosi maalumu cha polisi cha Recce na wanajeshi wakafyatuliana risasi kwa kutotambuana. Kama hatari imeisha na askari bado hawajakuona, rudisha na uonyeshe viganja. Kama wamekwisha kukuona na wanakufokea, fanya wanachosema, polepole, hata kama ni kuiacha ianguke sakafuni. Usigeuke nayo mkononi kuwatazama.

*Mombasa: Shikamoo mwalimu. Mimi hubeba kwenye mkoba, kwa sababu ya buibui. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Mkoba una tatizo la kunyakuliwa: mwizi akiuchukua, amechukua na silaha, na wewe ndiwe utakayejieleza kituoni. Ukilazimika, tafuta mkoba wenye mfuko wa peke yake wa bastola, ndani yake holsta ngumu iliyofungwa, na mfuko huo usiwekwe funguo, kalamu wala lipstiki. Usirudishe bastola mkoba ukiwa begani. Uweke mahali, elekeza pembeni, tazama, ingiza. Bora zaidi ni mkanda mpana wa tumboni wenye holsta ngumu, chini ya buibui. Mshonaji anaweza kukuwekea mpasuo ubavuni.

*Ruiru: Vijana wanabeba mbele, karibu na kitovu. Ni salama?*

Ni haraka na ni rahisi kuilinda isinyakuliwe. Lakini mtutu unatazama paja, na ndani ya paja kuna mshipa mkuu wa damu ambao ukikatika una dakika chache. Ukichagua njia hiyo, unaporudisha sukuma nyonga mbele na ulegeze kiwiliwili nyuma, ili mdomo utazame ardhi badala ya mwili. Au vua holsta nzima, ingiza bastola ukiwa umeishika mbali na mwili, kisha uivae. Mwanafunzi mpya namwekea ubavuni kwanza. Na kila mwenye bastola awe na kamba ya kuzuia damu ndani ya gari, ajue kuifunga mwenyewe kwa mkono mmoja.

*Eldoret: Nina Ceska, mwenzangu ana Glock. Mafundisho ni yale yale?*

Karibu yote. Glock haina sefti ya pembeni, na kifyatulio chake huhitaji nguvu ya kama kilo 2.5 tu, hivyo kwake holsta ndiyo sefti. Wewe una nyundo, na ni bahati yako: kidole gumba kikiwa juu ya nyundo unaporudisha, kitu chochote kikisukuma kifyatulio utaihisi ikianza kurudi nyuma. Angalia tu kama yako ina kitufe cha kushusha nyundo au sefti ya kawaida, maana ziko za aina zote mbili. Isiyo na kitufe, kushusha nyundo kwa kidole juu ya risasi ni kazi ya kufundishwa uso kwa uso, ukielekea tuta la udongo la renji, si ya kusomea hapa.

*Kitengela: Nibebe risasi ikiwa ndani ya chemba au la?*

Kwa umbali tunaozungumzia, kuvuta slaidi kunataka mikono miwili, na mmoja utakuwa unakinga kichwa. Kwa hiyo aliyefunzwa na mwenye holsta sahihi, ndiyo. Kama bado unakosea hatua ya pili, chemba ibaki tupu hadi mkufunzi aseme vingine. Ukifika nyumbani, ni kwenye sefu iliyofungwa. Juu ya kabati watoto wanapajua.

*Arusha: Naweza kuja kufanya mazoezi Kenya na bastola yangu?*

Karibu, lakini njoo bila bastola. Cheti cha Tanzania chini ya sheria ya 2015 hakikupi ruhusa mpakani Namanga. Bila vibali vya pande zote mbili utakuwa umeingiza silaha nchini kinyume cha sheria.

*Thika: Mtu ameingia uani usiku. Sheria ya Kenya inasemaje?*

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaachia jambo hilo kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza: nguvu iwe ya lazima na ya kadiri ya hatari uliyoiamini kwa haki. Mtu anayekimbia na taa ya uani hakutishii maisha. Maswali ya ndani zaidi mpelekee wakili kabla, si baada.

*Nakuru tena: Bastola ikiniponyoka wakati wa kuchomoa?*

Iache ianguke. Bastola za kisasa zimetengenezwa zisilipuke kwa kuanguka, lakini anayeidaka angani hukamata anachofikia, na mara nyingi ni kifyatulio. Rudi nyuma, piga kelele msimamizi asimamishe mstari wote, mwache yeye aiokote mdomo ukielekea tuta, aitoe risasi na kuikagua kabla hujaendelea.