Jinsi ya kuitazama ile picha ya puto la Unguja bila ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Haya wapenzi wa picha za sinema za zamani, nna moja nataka muitazame, Five Weeks in a Balloon ya 1962, kaitengeneza Irwin Allen kutoka kitabu cha Jules Verne cha 1863, na puto kwenye kitabu linaruka hapa hapa kwetu Unguja kwa hiyo mambo yanatuhusu.

Mara ya kwanza itazame tu, cheka, usijifanye mwalimu wa skuli. Ya pili ndo ushike rimoti na karatasi. Kila akitokea mtu mweusi isimamishe kidogo, ana jina? anaongea akaeleweka au anapiga makelele tu na mkuki? Mie nlichora mstari katikati, huku wenye majina huku wasiokuwa nayo, picha haijafika nusu upande wa pili ushajaa.

Halafu mtafute adui. Steringi ni profesa wa Kiengereza, maadui ni wauza watumwa, na mbio zote ni nani atawahi mto Volta kusimika bendera. Hapa wengi wetu tunateleza, tunaruka juu "wanatusingizia hao!" Wanatusingizia nini, soko la watumwa lilikuwepo Mkunazini pale, limefungwa 1873 wakati wa Sayyid Barghash. Wewe uliza jengine: dawa ya utumwa vipi ikawa bendera ya Muengereza, na wenye Volta yao nani kawauliza? Tena tazama na mwaka, Ghana inakopita Volta ishajitawala tangu 1957, sie wenyewe tumebakisha mwaka na kitu tu, Hollywood bado wanagombania kusimika bendera.

Na nani kavishwa nguo za nani. Ahmed muuza watumwa ni Peter Lorre, mzaliwa wa Austria-Hungary ya zamani, na sultani ni mchekeshaji wa Kimarekani. Nliitazama na bibi barazani kwa laptopu, puto hakushughulika nalo hata kidogo, yeye macho kwenye vilemba tu, mwisho akanambia "Mume wangu, hicho kilemba kamfunga nani, mbona kama anaeumwa jino?" Basi nikakiandika na kilemba.

Ukikipata na kitabu, usikiruke kipande cha Kazeh, ndo Tabora hiyo. Watu wanawadhania wageni wa puto ni watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza ndo wanashtuka. Sasa Kazeh ya kweli ilikuwa mji wa misafara, wafanyabiashara kutoka huku kwetu walishajenga majumba huko, Burton na Speke, wale wasafiri wa Kiengereza, wamefika 1857 wakapokewa na hao hao. Watu wanaojua bei ya pembe na ya shanga mpaka pwani, leo wamuone mtu kateremka na puto wamsujudie? Hapo funga kitabu, teleka chai, ubishane na wenzako.