Mutoto akikosa ku tablo: vile tunaweza kumutoa woga

Bamwalimu benzangu na nyie bazazi, uliza swali mu klasi yoyote hapa Bukavu, Kadutu ao Bagira, utaona mikono mitatu ine inainuka, na kila siku ni ya batoto bale bale, bengine bote banaangalia chini ku kaye. Haiko kusema habajue. Mara mingi banajua, ila balisha ona kile kinamufikia mwenye kukosa: klasi inacheka, mwalimu anasema "ikaa", swali inaenda kwa mwengine. Kwa mawazo yangu, mutoto haogope kosa yenyewe, anaogopa ile dakika yenye inafuata. Basi tuanzie pale.

Kwanza kicheko. Siku ya kwanza ya mwaka bapatie sheria moja tu, hatuchekelee mwenye anajaribu, kisha uishike kila siku, hata kama mwenye alicheka ni mutoto wa direktere. Na wewe mwalimu pia usicheke, batoto banakufwata wewe.

Sasa jibu yenye iko mbaya. Tuseme uko mu klasi ya tano, umeandika 1/2 + 1/3, mutoto anakuja ku tablo anaandika 2/5. Usifute. Usiite mwengine. Mwambie polepole: "Mama, utuelezee namna ulifika hapo." Atasema alijumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, na ni kosa ya batoto benyi sana juu namba za kawaida zilibazoesha kujumlisha vile. Geukia klasi yote uulize: kati ya 2/5 na 1/2, gani iko kubwa? Bengine batachora mukate mu kaye na kuukata, na moja atapiga kelele kama 2/5 iko ndogo kuliko nusu! Sasa namna gani tuliongeza kitu juu ya nusu na ikapunguka? Hapo hata bale ba nyuma banaamuka, banatafuta, banafika ku 3/6 na 2/6, banapata 5/6. Chaki umuachie yule yule mwenye alikosa, amalize yeye, ndio arudi ku kiti yake akiwa na jibu ya kweli. Umuambie mbele ya benzake kama kosa yake njo ilitufundisha fraksio leo, juu ni kweli.

Kitu ingine, ngoja kidogo. Mu miaka ya 1970 mwanamuke moja mutafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima akakuta mwalimu akisha uliza anangoja kama segonde moja tu, lakini akingoja tatu ao zaidi, majibu yanakuwa marefu na bale ba kusema "sijui" banapunguka. Segonde tatu haina bei. Hesabu mu roho.

Kisha kuko Kifaransa, na hapa njo benyi banaumia. Mutoto anajua jibu, lakini phrase inamukataa, anaogopa kukosa mara mbili, hesabu na luga. Muachie aseme kwanza mu Kiswahili, kisha musaidiane kuiweka mu Kifaransa. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inakubali luga za taifa mu kufundisha, hauvunje kitu.

Utaniambia klasi imejaa, ni kweli, tangu primeri ikuwe ya bure mu 2019 banki moja inabeba batoto ine. Njo ardwazi, kale kabao ka mutoto ka kuandikia na chaki, inasaidia: swali moja, bote baandike, ukipiga meza bote bainue pamoja. Wewe unaona makosa yote mara moja na hakuna mutoto anabakia peke yake mbele ya bantu. Kama ardwazi hakuna, kipande ya kartoni na chaki inatosha.

Siku ya intero, ile egzame fupi ya mu klasi, usisome pointi kwa sauti kuanzia mukubwa mupaka mudogo. Proklamasio ya mwisho wa mwaka, kusoma pointi za bote mbele ya bantu, iko vile iko, lakini intero ni ya kwako. Rudisha karatasi, chagua makosa mbili zenye zilirudia kwa benyi, muzitengeneze pamoja bila kutaja jina.

Bazazi, mutoto akifika ku nyumba musianze na "ulipata ngapi?" Ulizeni kwanza alijifunza nini na wapi ilimushinda. Na fimbo juu ya zero, tafazali, muiache kabisa, inamufundisha kuficha kaye tu.

Kuko wengine benye habataongea hata ufanye nini. Usibasukume ku tablo. Pita karibu na banki yao wakati ba klasi banaandika, uinamie kaye, uulize kwa sauti ya chini, na bapatie bruyo, karatasi ya kujaribia, yenye hautapima pointi, baandike na kufuta vile banataka. Klasi ya sita ndio benye banahitaji ile sana, juu ENAFEP, egzame ya taifa ya kumaliza primeri, inakuja na mutoto mwenye alizoea kuogopa anaacha swali bila jibu, hata ile anajua.