Jinsi ya Kusoma Takwimu za Maghala ya Gesi Chini ya Ardhi

Majira ya baridi yanapokaribia Ulaya, hutangazwa kwamba maghala ya gesi asilia yamejaa kwa asilimia fulani. Nambari hiyo peke yake haitoshi kumwambia mtu kama nchi itavuka baridi salama, na anayetaka kuielewa hana budi kuihoji.

Anza kwa kujua ni asilimia ya nini. Hesabu hiyo huhusu gesi inayoweza kutolewa na kurudishwa, wala haijumuishi gesi ya msingi, ambayo huachwa humo daima ili kudumisha shinikizo. Kisha linganisha ujazo na mahitaji ya nchi. Maghala ya Ujerumani hubeba takriban mita za ujazo bilioni 23, kama robo ya matumizi yake ya mwaka kabla ya 2022, ilhali uwezo wa Austria ulikaribia matumizi yake ya mwaka mzima wakati huo. Kwa hiyo asilimia 90 katika nchi hizo mbili si kinga ileile.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika: gesi inaweza kutoka kwa kasi gani? Mapango yaliyochongwa ndani ya miamba ya chumvi huitoa upesi. Katika mashamba ya gesi yaliyokwisha kuvunwa, gesi hukaa ndani ya vitundu vidogo mno vya mwamba na hutoka polepole zaidi. Tena kadiri ghala linavyopungua, shinikizo hushuka na kasi nayo hushuka. Ndiyo sababu asilimia 30 ya Februari, baridi ikiwa bado kali, inatia wasiwasi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Mwisho, usitosheke na wastani wa taifa. Mwanzoni mwa Novemba 2021 maghala ya Ujerumani kwa jumla yalikuwa yamepita asilimia 60, lakini ghala la Rehden, kubwa kuliko yote nchini humo na lililokuwa mikononi mwa kampuni tanzu ya Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, lilikuwa na takriban asilimia 10 tu. Pengo hilo lilionekana wazi kwa yeyote aliyefungua takwimu za ghala mojamoja, ambazo hutolewa kila siku kwenye AGSI, tovuti ya takwimu za maghala ya gesi ya Ulaya. Unapozifungua, linganisha tarehe ya leo na tarehe hiyohiyo ya miaka iliyopita, si na jana, kwa kuwa maghala hujazwa kiangazi na kutolewa wakati wa baridi.